Nukta Juu ya Dali

Chumbageni, Tanga
12 Mfunguo Nne 1376 (19 Agosti 1956)

Mume wangu Uweso,

Assalaam alaykum. Mimi mzima na nyumba nzima, ila nusu ya kitanda inaingia mwaka wa pili haijalaliwa na mtu. Hiyo ndiyo hali, na sina haja ya kuipamba.

Barua yako ya Mfunguo Pili niliipata. Umeniandikia kurasa mbili za chokaa. Sasa najua mawe ya Wete ni magumu kuliko ya kwenu Moa, najua tanuri linataka magogo ya mkoko yaliyokauka, na najua mihrabu ya msikiti ilipinda kushoto ukaibomoa ukaanza upya. Kuhusu mimi uliandika mstari mmoja: "Nami nakukumbuka pia." Hilo "pia" nimelitazama wiki nzima. Limekaa mwisho wa mstari kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Sikulaumu kwa msikiti. Nani atamlaumu mtu anayejenga nyumba ya Mungu? Ndiyo maana nakasirika zaidi. Ungekuwa umekwenda kwa upuuzi ningekutukana nikapumua. Lakini ulisema msimu mmoja, Uweso. Ulisema utapiga kuta, utamwachia Mzee Abdulwakil msikiti wake, urudi. Sasa kuta zimesimama, unasema kibla. Kibla kikisimama utasema mnara. Nakujua, wewe mtu akikupa jiwe huwezi kuliacha chini.

Juzi nilipika papa, nikatia ndimu nyingi upendavyo wewe, kisha nikakumbuka mlaji hayupo. Nikala mwenyewe, uso umenikunjika kwa ule ukali, na machozi yakanitoka nikayasingizia ndimu. Nakutamani. Naandika hivyo wazi kwa sababu nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, na nilikwambia siku ile unaondoka kwamba sitaki barua zangu usomewe na watu.

Sasa niharakishe. Mwatum amekwisha kuuza mikeka yake ya Kipemba, ameketi barazani kajifunga mtandio tayari, anasema chombo cha Pemba hakimngoji mtu. Kalamu ni ya kaka Mwinyijuma, inatema wino. Madoa usiyahesabu.

Kuna hili jambo la kadi, nimelimaliza. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu Ijumaa iliyopita, nikaandikwa jina kitabuni, jina langu kamili, Mboni binti Idarusi. Waliniuliza kama mume wangu anajua, nikasema yuko mbali, mwaka wa pili huu. Wakasema haidhuru, wengi tulionao ni kama wewe. Nisamehe sikukungoja. Nimechoka na mambo yangu kuamuliwa na wengine nami nimeketi. Nataka uhuru, Uweso. Zaidi sitaji, barua hupita mikono mingi. Kaka hajui, na nakuomba usimwandikie.

Najua huenda ukakasirika. Ukikasirika, njoo ukasirike hapa.

Mkeo,
Mboni


Wete, Pemba
3 Mfunguo Tano 1376 (9 Septemba 1956)

Kwa Bibi Mboni binti Idarusi,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu: kwenye jua, kivulini, na mara ya tatu nyuma ya tanuri la chokaa ambako mafundi hawanioni.

Kuna neno moja nililitazama mpaka macho yakaniuma. Nikajiambia labda sivyo. Lakini maneno yaliyolifuata yalikuwa wazi, mja hawezi kuyageuza. Umekwenda mwenyewe. Umeandikwa kitabuni. Umesema mume wako yuko mbali, mwaka wa pili. Unataka uhuru. Na kaka yako hajui.

Sikulaumu. Miaka miwili si siku mbili, na mimi nimekuwa nikiihesabu kwa mistari ya mawe, si kwa siku zako. Haki yako umeidai mahali inapodaiwa. Ila ningependa ungeniambia kwanza mimi.

Sitakuwa mwanamume wa kushika upindo wa nguo ya mtu anayetoka. Wala sitaki jambo hili lisemwe na kinywa kingine kabla ya changu. Kwa hiyo leo baada ya sala ya alasiri, mbele ya Mzee Abdulwakil na fundi mwenzangu Ame, nimekuacha talaka moja. Moja tu, Mboni. Mzee aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mwenye hakika ni yule aliyeandika barua.

Kaa eda yako nyumbani mwangu, ni haki yako. Usihamie kwa kaka yako kwa aibu, maana aibu ikiwapo ni yangu. Matumizi nitampa Mwatum akuletee mwezi kwa mwezi.

Mlango wa uani, bawaba yake ya juu imelegea tangu kabla sijaondoka. Usiufunge kwa nguvu, utakuangukia.

Uweso


Chumbageni, Tanga
25 Mfunguo Tano 1376 (1 Oktoba 1956)

Bwana Uweso,

Cheti chako nimekipata. Nimekisoma mara moja, sina tanuri la kujificha nyuma yake.

Nilidhani utakasirika. Waume waliokasirika hapa Chumbageni wapo. Mmoja kamfungia mkewe viatu sandukuni asitoke, na mkewe katoka pekupeku. Lakini kuacha? Mimi nilifikiri nimeolewa na mwashi, kumbe nimeolewa na ukuta.

Kama ungekuja ukanigombeza ningekujibu. Ungesema hutaki, ningekuuliza kwa nini, tungekesha tukibishana, na asubuhi mmoja wetu angekuwa amemfahamu mwenziwe. Badala yake umeita mashahidi wawili ambao hata sura zao sizijui, ukawaambia habari zangu, ukaniletea karatasi kwa mkono wa muuza mikeka.

Basi sikiliza. Nililolifanya sitalirudisha. Kama ungenipa nichague kati ya hilo na wewe, huenda ningelia, huenda ningekuomba uniachie yote mawili. Hukunipa nichague. Na sasa hata ukinipa, najua jibu langu.

Wala siko peke yangu. Sabiha wa Ngamiani barabara ya nane naye kaandikwa. Bi Mastura, na umri wake ule na wajukuu kumi na wawili, kaandikwa wiki iliyopita. Alifika amebebwa kwa kiti, akasema asipotangulia yeye nani atamfuata. Kila Ijumaa wanaongezeka. Yudith, Mbondei yule anayeshona nguo Nguvumali, ndiye anayewaandika, na anasema kitabu kimoja kimejaa kaanza cha pili.

Mimi sitoki, nakaa eda nilivyoamrishwa. Kwa hiyo wanakuja wao. Uani kwangu siku hizi hakuna pa kutandika mkeka mwingine. Yudith, Mkristo wa watu, kajifunza kuvua viatu mlangoni na kusema hodi mpaka ajibiwe, na mimi najifunza kwake zile herufi za kizungu. Bado naziandika kutoka kulia.

Bawaba ya mlango nimeipiga msumari mwenyewe.

Usidhani nakuandikia kwa furaha. Wageni wakiondoka, nakaa nautazama ukuta ule uliourapu kwa chokaa mwaka tuliooana, na nakuchukia mpaka nasikia uchungu kifuani. Kisha chuki inakwisha na uchungu unabaki palepale. Hilo nalo nimekwambia. Sikuombi kitu.

Mboni binti Idarusi


Chumbageni, Tanga
14 Novemba 1956

Shemeji Uweso,

Salaam. Naandika kwa herufi za kizungu kwa kuwa zile za chuoni nimezisahau, na fedheha hiyo ni yangu. Najua utatafuta wa kukusomea. Mtafute aliye na kifua cha kutunza siri. Naandika nyumbani kwangu, si ofisini, na barua hii namkabidhi Mwatum mkononi.

Dada yangu hajui kama nakuandikia. Angejua angenitoa roho.

Mimi nilipata habari kwa kuchelewa, nilivyozoea kuzipata habari zote za nyumbani kwetu. Niliambiwa Mboni kaachwa, nikauliza kwa kosa gani, wanawake wakatazamana wakaendelea na kazi zao. Mwishowe Bi Mastura akaniambia: kaachwa kwa sababu kachukua kadi ya TANU.

Sasa nisikilize, shemeji. Mimi ni karani wa serikali. Watumishi wa serikali tumekatazwa kukiingia chama hiki, na mtu ana mke na watoto watano. Nilipojua dada yangu wa tumbo moja ana kadi, na uani kwake ndiko wanawake wa Chumbageni wanakoandikiwa zao, nilishikwa na homa ya kweli, nikameza na vidonge. Nilikaa wiki nzima nangoja kuitwa na mkubwa wangu. Kila mlango wa ofisi ukilia nasema leo ndiyo leo. Ndiyo maana alinificha, naye alifanya vyema.

Lakini hata mimi mwoga sikumfukuza. Nilikwenda kwake nimejitayarisha kufoka. Nikamkuta katikati ya wanawake thelathini, anawasomea majina yao mmoja mmoja, na kila anayesomewa anainua uso. Nikarudi nyumbani bila ya kufoka. Wewe uliye ng'ambo ya maji, usiye na mkubwa wa kumwogopa, kadi hiyo ilikuuma wapi?

Huijui Tanga uliyoiacha. Mwaka jana watu wa chama walikuwa wa kuhesabika, ukiwaona mbele unavuka barabara. Siku hizi ukivuka upande wa pili unakutana na wengine. Wanawake wanakiimba chama wakitwanga. Mkubwa wangu Mzungu aliniuliza wimbo ule maana yake nini, nikamwambia ni wa harusi.

Eda yake siku yoyote inakwisha. Mimi si mtu wa kukuamrisha, na dada yangu hakunituma. Lakini naona hasira yako imekuwa hasara ya watu wawili. Kama ulimwacha kwa jambo jingine, niambie. Kama ni kwa kadi, basi, shemeji, umeniangusha. Nilikuwa nakusifu kwa watu.

Wako,
Mwinyijuma bin Idarusi


Wete, Pemba
28 Mfunguo Saba 1376 (2 Desemba 1956)

Mboni,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na Ame.

Barua ya kaka yako ilikaa Moa siku kumi, maana Mwatum alifiwa na dada yake akawa matangani. Imenifikia leo asubuhi. Nikampa Ame anisomee, tumeketi juu ya jukwaa la ujenzi. Alipofika mahali pale nikamkatiza, nikamwambia umekosea, hapo ni kadhi.

Akasema, "La, fundi. Ni kadi."

Nikamwambia atazame vyema.

"Nishatizama, fundi. Hapana h hapa. Kadi, kijikaratasi cha chama. Kwani mkeo kafanya n'ni na kadhi?"

Mboni, niliteremka jukwaa sijui kwa miguu gani. Nikaenda sandukuni nikaitoa barua yako. Herufi yako ya dali ina nukta juu. Ndogo, imekaa pembeni kidogo, na chini yake kuna madoa mengine matatu uliyoniambia nisiyahesabu. Mimi sikuyahesabu. Nililihesabu hilo moja. Nikaisoma dali kuwa dhali, ile yenye nukta, na kadi ikawa kadhi, na mke wangu akawa amekwenda kwa kadhi kudai talaka kwa kuwa mumewe yuko mbali mwaka wa pili.

Tena ngoja nikwambie ujinga wangu wote, usibaki. Nilikusahihisha moyoni. Nilisema maskini Mboni, kadhi kaiandika kwa kafu badala ya qafu, na kwa dhali badala ya dhadi. Mwalimu wake wa chuo hakumsomesha vizuri. Nikakusamehe tahajia nikakuacha.

Na ulipoandika kwamba Sabiha kaandikwa, na Bi Mastura, na kwamba kila Ijumaa wanaongezeka, nilimwambia Mzee Abdulwakil kuwa Tanga wanawake wote wanawaacha waume zao. Mzee alisikitika sana. Alisema hizo ni dalili za Kiyama. Nikamuuliza, lakini bibi wa wajukuu kumi na wawili anatafuta nini kwa kadhi? Akasema huenda alivumilia mengi.

Ungenicheka kama ungekuwapo. Natamani ungekuwapo ukanicheka.

Kwa chama sina neno. Hapa nako watu wameanza kunong'ona habari za vyama, mimi nilikuwa juu ya ukuta sisikii. Kama ungeniandikia kwa nukta zilizonyooka kwamba umechukua kadi, ningekuuliza inafananaje, na labda ningeogopa kidogo kwa ajili ya kaka yako, basi. Nisingekuacha kwa hilo. Nisingekuacha kwa jambo lolote ambalo lingekubakisha nyumbani.

Uliniambia juu ya lile "pia". Nilikuandikia chokaa kwa sababu chokaa naijua kuiandika. Lile jingine kila nikilianza naona Mwatum atalisoma usoni mwangu nikimpa barua. Sasa nalisema. Nakutamani wewe. Nikichanganya chokaa nakumbuka ulivyokuwa ukinifuta vumbi kope za macho kwa upindo wa leso, na kuniambia nifumbe, nami nilikuwa nachelewa kufumbua makusudi. Miezi hii mitatu nimejenga mihrabu nzima karibu bila ya kuzungumza na mtu. Watu wanadhani ni unyenyekevu.

Leo Jumapili, baada ya adhuhuri, mbele ya wale wale wawili, Mzee Abdulwakil na Ame, nimesema: nimemrejea mke wangu Mboni binti Idarusi.

Nilipomaliza Mzee akaniuliza eda yako inakwisha lini. Nikasema miezi mitatu, bado siku tano. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo ni hesabu ya watu wa sokoni. Mwanamke anayeona siku zake huhesabu tohara tatu za kutoka hedhini, na hizo anazijua yeye na Mola wake. Akisema bado, bado, na wewe ni mume. Akisema imekwisha, imekwisha, na rejea yako ni upepo. Hakuna shahidi mwingine, na neno lake haliulizwi mara mbili.

Basi mimi tarehe yangu nimekupa. Yako unayo wewe. Ukisema eda ilikuwa bado, nakuja nyumbani kwangu na safari ya kwanza ya Mwatum. Nimekwisha kuwaambia watafute mwashi mwingine wa mnara. Kuta zipo, kibla kipo, watu wanaweza kusali. Ukisema imekwisha, sina haki nawe, na nitakuwa nimeupoteza ulimwengu wangu kwa nukta moja.

Nangoja. Kila mtu hapa anajua nangoja, hata wachoma chokaa.

Uweso


Chumbageni, Tanga
15 Mfunguo Nane 1376 (18 Desemba 1956)

Uweso,

Nimecheka mpaka Yudith akaacha kushona akaja kuniuliza. Kisha nikalia mbele yake, sikujificha. Nikamweleza, naye akacheka akalia vilevile, halafu akasema herufi zenu zile mngezifunga kamba. Kadhi wa watu hata uso wake siujui. Bi Mastura nimemwambia kwamba ulidhani anadai talaka. Anasema mumewe amekufa mwaka wa tisa huu, lakini wazo si baya.

Naandika kwa herufi za chuoni, taratibu, na kalamu nimenunua nyingine. Herufi za kizungu sasa naziweza. Lakini Ame ndiye angekusomea, na haya si ya Ame.

Mimi nami nilikosa. Nilipopata cheti chako nilikuwa na neno moja la kukuuliza, "Kwa nini?", nikaona kuuliza ni kujidhili. Nikakuandikia kurasa za maneno makali na hilo moja nikaliacha. Laiti ningeliandika ungenijibu, na tungekuwa tumekwisha kulicheka zamani.

Sasa nikupe tarehe yangu.

Eda yangu ilikwisha Jumatano, tarehe ishirini na nne Mfunguo Saba. Ulinirejea Jumapili. Ni siku nne, Uweso.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Katika ile ya kwanza niliandika "bado". Nani angejua? Ungekuja na Mwatum, ungesukuma mlango, ningekupakulia, na majirani wangesema wamepatana, alhamdulillahi. Nilikaa nayo tangu nimefagia uwanja mpaka adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nataka sana kuipeleka. Nisikufiche hilo. Kisha nikaitia jikoni, ikaungua pamoja na makumbi ya nazi.

Kwanza nilimwogopa Mungu. Tungelala haramu mimi najua na wewe hujui, na kila ukinigusa ningekuwa mwizi. Hiyo ni sababu moja, na ingetosha. Lakini ipo nyingine.

Uliponiposa nilikuwa na miaka kumi na sita. Marehemu baba alikuja nyuma ya pazia akasema Mboni, kaja mwashi wa Moa, unasemaje? Nikanyamaza. Bibi akasema kanyamaza, karidhi. Ndivyo sheria, kimya cha mwali ni idhini yake, na mimi sikuwa na la kulalamika. Kukupenda kulikuja baadaye, jikoni na uani, nilipokuwa nakutazama unavyopima ukuta kwa jicho moja. Lakini siku ile mimi sikusema ndiyo. Nilinyamaza, na wengine wakaijaza nafasi.

Tangu hapo yote yamekwenda hivyo. Ulipokwenda Pemba uliniarifu, hukuniuliza. Uliponiacha hukuniuliza. Na uliponirejea, kwa maneno yale mazuri niliyoyasoma mpaka nimeyahifadhi, uliita mashahidi ukasema, na mimi huku nilikuwa nachambua mchele sina habari. Sisemi ulivunja sheria. Nasema sikuwapo.

Alhamisi, siku ya kwanza ya kutoka edani, nilikwenda kwenye mkutano wa chama. Watu wale sijapata kuwaona Tanga ila siku ya Idi: makuli wa bandarini, wakata mkonge wa mashambani, mabibi wa Ngamiani kwa mabuibui yao, Wabondei, Wadigo, Washambaa walioshuka na mizigo yao ya mboga na hawakuiuza. Kadi zilikwisha kabla ya alasiri. Kaka Mwinyijuma alikuwa ng'ambo ya barabara anachagua machungwa. Alichagua machungwa saa mbili nzima.

Kisha wakasema wanawake nao watoe mtu aseme. Yudith akanisukuma. Nikasimama, na nilikuwa sijui nitasema nini, maana mimi mbele ya wanaume nilizoea kusema abee na kurudi ndani. Nikasema jina langu. Nikasema mtaa wangu. Nikasema sisi tumekuja kuulizwa, hatukuja kuhesabiwa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini walionyamaza kunisikiliza walikuwa maelfu. Nikaketi, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia alikuwa wewe. Nilikuwa nimekwisha kuwa si mkeo tangu jana yake, na bado nilitaka kumsimulia mtu huyo huyo.

Ndipo nilipojua hali yangu. Nakupenda, na nataka uje. Lakini sitaki kurejewa kama ng'ombe aliyevuka mpaka wa shamba.

Kwa hiyo eda imekwisha na rejea yako haikunikuta. Mimi si mkeo. Bi Mastura amenisomesha, na kaka ameuliza kwa shehe: mwanamke aliyekwisha kuolewa kimya chake hakihesabiwi tena. Lazima atamke, na mashahidi wasikie.

Njoo. Fikia kwa kaka Mwinyijuma, ndiye walii wangu wa ndoa, na mahari mtazungumza ninyi. Atakufokea kidogo, mwache, ameingoja nafasi hiyo muda mrefu. Kisha uje kwangu mchana, barazani, watu wakipita, usitume mtu na usiniletee karatasi. Simama mbele yangu uniulize kama nataka kuolewa nawe.

Ukiniuliza nitasema ndiyo, Uweso. Lakini uniulize.

Mboni binti Idarusi